Pedali ya Kushoto ya Papa Télesphore

Leo, tarehe 30 Septemba 2025, saa sita mchana, Papa Télesphore Mwilambwe anarudisha ufunguo wa kabati la vifaa na kustaafu. Ameitumikia Huduma ya Usafiri ya Mwambao, hapa Kalemie, kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Hajawahi kuupoteza ufunguo huo hata siku moja, ingawa kabati lenyewe limebadilishwa mara tatu.

Anayeandika wasifu huu ni Bonaventure Mulunda, dereva wa lori tunaloliita Tantine, yaani Shangazi. Mama Victorine, mkurugenzi wetu, aliniomba niandike kurasa chache za kusomwa kwenye sherehe, zenye heshima na kicheko kidogo. Heshima ninayo. Kicheko nitakitoa mapema, kwa sababu mbele kinapungua.

Papa Télesphore alizaliwa Kabalo, katika familia ya watu wa reli, akasomea ufundi Kongolo, akafanya kazi kidogo kwenye karakana ya reli kabla ya kuletwa na treni hadi hapa ziwani mwezi wa sita mwaka 1987. Wakati huo tulikuwa na malori manne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa mazutu, yaani dizeli. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anafungua injini peke yake, na baada ya miaka mitatu wakubwa zake walikuwa wanamwita pembeni kumuuliza mambo ambayo hawakutaka wengine wajue kwamba hawayajui.

Miaka ya vita, vipuri vilipokoma kuja, alikata gasketi kwa ngozi ya viatu vya kanisani, viatu vyake mwenyewe. Mazutu yalipokuja machafu, aliyachuja kwa kitenge cha Mama Alphonsine, mke wake. Mama Alphonsine yupo hapa leo na bado anakiulizia kitenge hicho. Malori mawili kati ya manne yalipona vita, na dawa na madaftari yaliendelea kufika Mpala na vijiji vya njiani.

Ana sheria zake. Spana haiwekwi chini. Injini haifungwi na mtu mwenye hasira. Mtu akivunja kitu aseme siku hiyohiyo, maana kesho kitamvunja mtu. Sheria hii ya tatu naomba muikumbuke, kwa sababu mimi niliivunja.

Mwaka 2015 injini ya Tantine ilipasuka ubavuni, mahali ambapo hapaunganishwi tena. Tantine ni lori la mwaka 1982, na wakati huo ndilo pekee tulilobaki nalo lenye nguvu ya kupanda milima ya barabara ya Mpala na mzigo. Wengi walishauri liuzwe kama chuma chakavu na sisi turudi nyumbani. Papa Télesphore aliomba miezi sita.

Nyuma ya uwanja kulikuwa na lori jingine, la umri mdogo zaidi, lililoungua kichwa. Injini yake ilikuwa nzima, ya pampu ya kawaida isiyohitaji umeme mwingi. Tatizo lilikuwa giaboksi. Ile ya zamani ya Tantine, ya kubadilisha kwa mkono, haikukubali kufungwa kwenye injini hiyo, matundu yote yalikataana. Ilibidi injini ije na giaboksi yake yenyewe, na hiyo ilikuwa ya otomatiki. Giaboksi ya namna hiyo hungojea kompyuta iiambie lini ipande gia na lini ishuke, na kompyuta yake ilikuwa imeungua pamoja na kichwa cha lori.

Hapo ndipo alipotuambia kwamba kuna visanduku vinavyouzwa peke yake kwa kazi hiyo, vya kuongoza giaboksi bila kuuliza injini chochote. Ili kuchagua gia kinataka kujua mambo mawili tu: lori linakwenda kasi gani, na dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Tulidhani anaota. Kisanduku kilifika Kigoma kwa treni kutoka Dar es Salaam, kikavuka ziwa, kikashushwa hapa bandarini kikiwa kidogo kuliko kitabu cha nyimbo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Papa Télesphore, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, alikaa nacho miezi miwili na kamusi, akikisoma neno kwa neno wakati wa mapumziko.

Kipimo cha mafuta alikifunga kwenye mkono wa pampu kwa bawaba ya mlango. Kisanduku chenyewe alikilaza ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ili maji ya mvua yasikifikie, akaliweka chini ya kiti. Bakuli lilikuwa la Mama Alphonsine, naye hakuulizwa safari hii pia. Kisha akapakia mchanga, akakaa pembeni yangu na kompyuta magotini, tukapanda na kushuka kila kilima kinachozunguka mji huu. Lori likibadilisha gia mapema mno, alisimamisha, akaandika namba nyingine, tukarudi chini. Siku ya kumi na tisa Tantine ilipanda bila kusitasita. Alifunga kompyuta na kujipangusa macho, akasema ni vumbi.

Ikabaki shida moja, na shida hiyo ilikuwa mguu wangu. Nilikuwa nimeendesha malori ya klachi miaka ishirini na mbili. Tantine mpya haikuwa na klachi. Ilikuwa na pedali mbili, mafuta na breki, na mguu wa kushoto haukuwa na kazi. Kila mlima ulipokaribia, mguu ule ulinyanyuka wenyewe kutafuta klachi na kuangukia kwenye breki. Mara mbili nilimgonganisha Papa Télesphore na kioo.

"Muguu yako iko na kichwa nguvu kupita weye mwenyewe," alisema, akakata utepe wa mpira wa ndani ya tairi, akaufunga mguu wangu wa kushoto kwenye chuma cha kiti. Niliendesha hivyo wiki mbili. Akaniagiza niendelee kuufunga miezi mitatu.

Tarehe 11 Machi 2016 tuliondoka kwenda Mpala na katoni arobaini za chupa za seramu, maji ya dripu ya hospitali, na mabati juu yake. Barnabé, msaidizi wangu wa safari, alikaa juu ya mzigo. Tulipopita sokoni, vijana wa pikipiki waliuona mguu uliofungwa wakaanza kucheka. Walisema Huduma sasa inafunga madereva wake kama mbuzi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilitaka kuheshimiwa. Baada ya daraja nilisimama, nikaufungua mpira, nikautupa dirishani.

Kwenye mlima wa tatu nilisikia injini inashuka sauti. Ilikuwa sawa, kisanduku kilikuwa karibu kushusha gia kama kilivyofundishwa. Mimi sikukingoja. Mguu wa kushoto ukakanyaga, na chini yake kulikuwa na breki. Mkono ukavuta kijiti kutafuta gia ya chini, ukakiacha mahali pa huru, pasipo na gia yoyote. Kisha mguu ukaachia polepole, kama unavyoachia klachi, na wa kulia ukasukuma mafuta. Injini ikalia kwa nguvu zote, na Tantine ikaanza kurudi nyuma.

"Papa Bona, iko inarudi! Iko inarudi!" Barnabé alipiga kelele kutoka juu. Nilipoipata breki tulikuwa tayari mtaroni. Seramu zote zilivunjika. Barnabé alianguka pamoja na mabati, akavunjika mfupa wa bega. Hospitali ilingoja dawa siku tisa zaidi. Kwamba hakuna aliyekufa kwa sababu ya siku hizo tisa, nimeulizia mwenyewe, kitanda kwa kitanda, na hata hivyo sikupata usingizi mzuri.

Tume ya watu watatu iliundwa. Niliwaambia kwamba lori lilikataa kupanda, kwamba gia ilijitoa yenyewe. Ulikuwa uongo. Kila mtu aliuamini kirahisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kukipenda kile kisanduku.

Ila kisanduku hicho, ambacho waya za breki na za kijiti nazo hupita ndani yake, huweka kumbukumbu ya dakika zake za mwisho. Papa Télesphore aliichomeka kompyuta yake, akaisoma kumbukumbu hiyo, akaichapa kwenye karatasi moja. Kila kitu kilikuwa pale: kasi, mafuta, breki, kijiti kikitolewa kwenye gia kwa mkono. Alinikuta nimekaa nyuma ya matangi ya maji. Alinipa karatasi ile bila salamu.

Kesho yake aliiandikia tume kwamba hesabu za kisanduku zilikuwa na kosa, kwamba kosa hilo ni lake yeye fundi, na kwamba dereva hakuwa na la kufanya. Alisaini jina lake lote. Alipewa barua ya lawama, ikawekwa kwenye faili lake. Cheo cha mkuu wa garaji, ambacho kila mtu hapa alijua kwamba kilikuwa chake mwaka ule, alipewa Papa Patrick. Papa Patrick ni mtu mwema na hakujua lolote kati ya haya. Anayajua sasa, pamoja nanyi nyote.

Nilimwuliza Papa Télesphore kwa nini. Nilimwuliza nikilia. Alikuwa anapangusa spana, hakuniangalia.

"Mimi wakinifukuza, hii mikono itanilisha kila mahali. Lakini shofere mwenye alirudisha kamyo nyuma ya mulima, akavunja muntu, tena akasema uongo, nani atamupatia ufunguo tena? Na uko na batoto sita. Nyamaza. Usiseme kwa muntu yeyote. Njo amri yangu."

Halafu akafanya jambo ambalo wengi wenu mmeliona bila kulielewa. Alichukua pedali ya klachi ya zamani ya Tantine, akairudisha mahali pake, akaifungia springi nzito chini, na kwenye kijiti cha gia akaweka kikomeo kidogo ili kijiti kisitoke kwenye gia mpaka mtu akinyanyue kwa kukusudia. Pedali hiyo haijaunganishwa na kitu chochote. Unaikanyaga, inashuka, inapanda, basi. Mlima ukija, mguu wangu wa kushoto unafanya kazi yake yote, kwa bidii, na kisanduku kinafanya yake bila kusumbuliwa. Mafundi wanaokuja kutoka nje huinama chini ya dashibodi, hutafuta waya au bomba lake, hawalioni, hutuuliza. Papa Télesphore huwajibu kwamba ni ya kupumzishia mguu.

Kwa pedali hiyo nimekwenda na kurudi Mpala mara mia nne na zaidi. Sijawahi kurudi nyuma hata hatua moja. Kila mara nilipoikanyaga nilijua ni nani aliyeilipia.

Miaka tisa nimeitunza karatasi ile ndani ya Biblia ya nyumbani. Wiki iliyopita nilimwendea Barnabé kwanza, kwa kuwa bega ni lake, nikamwambia yote. Aliliminya bega lake, nami sikujua kama atanipiga. Mwishowe akasema, "Sema. Ila usiseme kama nililia." Basi sisemi.

Leo asubuhi nimeiweka karatasi hiyo juu ya meza ya Mama Victorine, pamoja na barua yangu. Barua inaomba jambo moja: faili la Papa Télesphore Mwilambwe lisifungwe leo likiwa na ile barua ya lawama ndani yake. Itolewe, na iwekwe mahali inapostahili, kwenye faili langu. Kuhusu ufunguo wa Tantine, Mama Victorine ataamua na sitabishana. Watoto wangu sasa ni wakubwa. Hata wasingekuwa wakubwa, nilipaswa kusema siku ileile.

Papa Télesphore, najua umekaa mstari wa mbele, umekunja uso, na umeanza kukasirika tangu ukurasa wa pili. Ulinipa amri ya kunyamaza nami nikaitii miaka tisa, zaidi kwa woga kuliko kwa heshima. Nisamehe kwa woga huo. Lakini saa sita imekwisha kugonga, wewe si mkubwa wangu wa kazi tena, na amri yako imekwisha. Nimemwomba msomaji asianze habari ya safari ile ya Machi kabla ya saa sita na dakika moja.

Asante kwa malori yaliyopona, kwa viatu vyako, kwa mikono yako. Mama Alphonsine, asante kwa kitenge na kwa bakuli, na asante kwa kutuazima mume miaka thelathini na minane. Mnakwenda Mpala kwenye shamba lenu la mihogo, na Huduma imekubali kwamba Tantine ndiyo itakayobeba mizigo yenu kesho asubuhi. Muwe na afya, muwe na mvua ya kutosha, na mlale vizuri.

Yeyote atakayekabidhiwa usukani kesho, ikiwa si mimi, namwomba asiing'oe pedali ya kushoto. Na kama kuna nafasi juu ya mzigo, mimi nitapanda hapo pamoja na Barnabé, ili Papa Télesphore afikishwe nyumbani na mtu aliyewahi kumwacha abebe lawama peke yake.