Mzizi wa Chil-bok Waenda Maabara

Kibaraza cha mbao mbele ya duka la Mama Eun-ji, chini ya milima ya Inje, hakijawahi kukosa wabishi. Kahawa pale ni ya pakiti, hukorogwa kwa pakiti hiyohiyo, na anayedai kijiko huambiwa ahamie Seoul. Asubuhi hiyo Chil-bok, mchimba jinseng, ule mzizi wa dawa wa porini, alikuwa na mzizi mapajani, umelazwa kwenye sanduku la gome la msonobari. Ulikuwa mzizi mzee, wenye ndevu ndefu kuliko zake, na hakuna unywele hata mmoja uliokatika. Watu wa maabara walikuwa njiani kuuchukua wakaukate vipande, ili vipande viote mizizi mipya ndani ya mapipa ya maji yenye lishe. Chil-bok alikwisha kukubali. Wenzake ndio waliogoma, wa kwanza mchimbaji mwenzake waliyemwita Redio kwa kuwa mdomo wake hauzimiki.

Redio: Kaka, tajiri wa Seoul anautaka mzima. Wewe unautoa ukachinjwe?

Chil-bok: Tajiri ataula siku moja, kwisha habari yake.

Profesa, dereva mstaafu aliyewahi kubeba vitabu vya chuo, alikohoa kwanza.

Profesa: Kisayansi, mzizi bila udongo unachanganyikiwa. Ukinywa supu yake, unatembea kinyumenyume.

Mama Eun-ji: Mbona wewe kila Jumamosi unatembea hivyo, na jinseng hujaionja?

Redio: Na Babu wa Mlima, mzimu mwenye jinseng zote, je? Sisi tunaoga, tunaacha nyama, ndipo tunapanda. Huko kwenye mapipa nani anaoga?

Mama Eun-ji: Wanajisugua mpaka ndani ya kucha. Uchafu kidogo tu, pipa zima linaoza.

Redio: Basi mizizi itazaliana, ivunje mlango, ishuke barabarani na ndevu zake kumdai Chil-bok mama yao! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Chil-bok: Hiyo inanisaidia mimi.

Redio: Nimekosea. Samaki mkunje angali mbichi!

Profesa: Mzizi umekuzidi umri, utaukunjia wapi?

Walicheka wote, isipokuwa Chil-bok.

Chil-bok: Mizizi yangu yote aliifunga marehemu mke wangu Sun-rye kwa mikono yake. Tukauza, tukasomesha. Alipougua, mlima haukunipa hata mmoja. Kafa hajaonja. Sasa magoti hayapandi tena, huu ndio wa mwisho. Nataka uzae, mpaka mke wa mchimbaji naye aonje. Semeni mpaka kahawa iishe, lakini unakwenda.

Gari lilisimama, akashuka msichana wa maabara, Bo-ram.

Bo-ram: Shikamooni wazee.

Alipiga magoti, akautazama mzizi kwa muda mrefu bila kuugusa.

Bo-ram: Babu, wewe ndiye uliyeutoa ardhini. Nianze kukata wapi?

Wachimbaji wa mlima huo walikuwa watu wa kufukua mzizi mmoja kwa vidole kutwa nzima ili usichanike, na waliwachapa watoto wao kwa kuvunja unywele mmoja. Swali hilo hawakuwahi kuulizwa. Chil-bok akachomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akaufunga kwenye mkono mnene wa mzizi. Akalikaza fundo mara ya pili.

Chil-bok: Hapa, mwanangu. Na kipande kisipoota, rudi nikuonyeshe mahali pengine.