Darubini Kwenye Pembe ya Athumani

Baraza yetu ya Mji wa Kale ina pembe moja isiyokaliwa. Ilikuwa ya Athumani, mshona kofia, aliyeaga dunia mwaka wa tatu huu. Hakuna aliyepitisha amri, lakini ukisogea hapo Sabir atakukoholea mpaka uhame. Sabir twamwita Haiwezekani, maana hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Jana baada ya Isha akatokea Fahmi, fundi wa mafriji tuliyembandika jina la Sayari, darubini mpya begani, acheka peke yake kama aliyeposa akakubaliwa. Akaelekea pembeni moja kwa moja.

— Hapo ni pa Athumani, akasema Sabir.

— Dakika tu, ndugu yangu. Chini hapa mawe yacheza, haitatulia.

— Haiwezekani.

Fahmi akaikumbatia darubini yake, lakini kunyamaza hakuweza.

— Jamani, mwajua ilipita nyota yenye mkia, si ya jua letu hili? Imetoka kwa jua jingine kabisa, ikatupitia, ikaenda zake!

— Bila hata salamu? akauliza Kitsao, muuza kahawa, akitujazia vikombe.

— Ilikuja kutafuta kiwanja, nikasema mimi. Ikasikia bei za huku, ikakimbia.

— Wala! akadakia Kitsao. Ilinusa lile jaa la zamani la Kibarani, ikaziba pua.

— Chekeni! Na mashimo meusi mawili yakigongana huko mbali, anga zima latikisika, hata kikombe hicho, Sabir! Na kuna mitambo yausikia mtikisiko wenyewe!

— Kikombe changu chatikisika kwa makelele yako.

— Na nuru je? Ile nyota ya jirani, ile ing'aayo upande wa Likoni, nuru yake husafiri miaka minne na kitu mpaka hapa. Aliye huko akitutazama leo, aiona baraza hii ya miaka minne nyuma, wallahi!

— Haiwezekani.

Hatukuwa tumemwona Mahira, bintiye Athumani, amesimama na chupa ya chai akingoja kahawa ya mamake.

— Ami Fahmi, miaka minne?

— Na kitu, mwanangu.

— Basi babangu aonekana? Ameketi hapo?

Fahmi akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza.

— Ameketi, akasema polepole.

— Yuacheka ama yuashona?

Kitsao alishika dele lake la kahawa asimimine. Sote tukamgeukia Sabir, tukingoja lile neno lake. Sabir akainuka, akaipangusa ile pembe kwa kiganja.

— Iweke hapa, Sayari. Mwonyeshe mtoto.

Fahmi akaisimamisha, akaielekeza kwenye ile nyota ya upande wa Likoni. Mahira akainama, akafumba jicho moja.

— Ami, ziko mbili!

— Ndiyo, mbili! Kwa macho matupu ni moja, lakini ni mbili! akasema Fahmi akirukaruka pale barazani, mtu mzima na ndevu zake.

Sabir alikuwa ameketi wima, ameinyoosha kofia aliyoshonewa na Athumani, uso ameuelekeza Likoni.

— Kaeni vizuri nyote, akatwambia. Tutaonekana.