Taulo Kavu

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Kwenye basi, bibi mmoja alisikia yote yaliyosemwa kiti cha mbele yake.

"Yaani mama, wewe ndiye mwanamke wa kwanza kutuwakilisha kwenye mashindano ya kuogelea, leo kocha wa taifa, na majini huingii?" aliuliza fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akimgeukia mama aliyeketi kando yake.

"Siingii, mwanangu. Sikio liliugua. Daktari akasema nikizamisha kichwa tena, nitakuwa kiziwi. Sasa natembea ukingoni na filimbi yangu, wenzangu wanaogelea."

"Na hilo taulo?"

"Nalibeba tu."

Bibi alitabasamu. Nani hubeba ndoo asipotamani maji?

"Basi tia miguu! Sikio liko kichwani, haliko kisiginoni."

Kocha alicheka, kisha akashusha pumzi. "Nikitia miguu, mwili wote utaifuata. Vijana nawapigia filimbi watoke. Mimi nani atanipigia?"

Basi likasimama mbele ya bwawa, na harufu ya dawa ya maji ikaingia dirishani. Kocha akashuka haraka, hata kuaga akasahau. Basi lilipoondoka, bibi aligeuza shingo akamwona ameinama getini, anafungua kamba za viatu.