Fundi Masafa na Chupa ya Maji ya Njano

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mafundi mliosimama huko nyuma kama mliochelewa kazini, nasoma mimi dada yake mkubwa, vijana walitaka asome mwenye shahada, nikawaambia shahada haikumbeba marehemu mgongoni, nilimbeba mimi.

Mdogo wangu, ambaye nyote mlimwita Masafa kwa sababu jina alilopewa na baba lilibaki kwenye vyeti tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa sita na kitinda mimba, mama akafariki yeye akiwa na miaka minne na mimi kumi na sita, tangu hapo nikawa dada na mama kwa pamoja, na viboko vya wote wawili nikavichapa mimi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, ambako akiwa darasa la tano aliifungua redio ya mwalimu mkuu ili awaone wanaosema ndani, akachapwa, kisha akaamriwa airudishe ilivyokuwa, ikasikika vizuri kuliko mwanzo, ndipo jina la Masafa lilipomganda, na mwaka 1982 akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1983.

Tarehe 2 Mei 1984 alifungua kibanda karibu na kituo cha mabasi, meza moja, na kiti cha mteja chenye miguu mitatu na nusu ambacho hakuwahi kukitengeneza, akazitibu redio za mtaa mzima kwa miaka thelathini, hadi simu zilipoziua redio, na simu zenyewe zikawa ni za kutupa, si za kutengeneza, akabaki fundi wa vitu ambavyo hakuna anayevileta.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno machache kuliko vifungo alivyoshona, wakajaliwa wasichana wawili na mvulana mmoja, na mwaka 2009 wakahamia kwangu, vyumba viwili vya uani na stoo.

Mwaka 2019 marehemu alianza kuokota simu zilizokufa na matumbo ya kompyuta, akasema ndani yake mna dhahabu na sisi tunaifagia, akawa anakata vile vijino vinavyong'aa pembeni mwa vibao vyake vya umeme, anavilowesha kwenye asidi pale uani, na wenzake wakamwambia, Masafa, ukitajirika usituzimie redio, naye akacheka kuliko wao, lakini mimi niliyemlea nilijua hakuwa anatafuta utajiri, alikuwa anatafuta kuitwa fundi tena. Mara ya kwanza alipata vijigamba vyembamba, akavitandaza kwenye sahani vikauke, akapiga chafya, kazi ya miezi miwili ikaenda na chafya moja. Mara ya pili akaviyeyusha kabisa, vikawa maji ya njano kwenye chupa ya kioo, kazi ya mwaka mzima, bado hatua moja tu ili maji yageuke dhahabu.

Hapa kwenye karatasi hii ya wasifu, waliyoniandikia vijana, pameandikwa kwamba tarehe 17 Aprili 2021 maji hayo yalimwagika kwa bahati mbaya. Maji hayajimwagi. Marehemu alikuwa kibandani, mimi nilikuwa nasafisha uani, nikaiona chupa, nikadhani ni mkojo wa kupeleka hospitali umesahauliwa, nikaumwaga mferejini, saruji ikatoa povu, nikaiosha chupa kwa sabuni, nikaipindua ikauke. Aliporudi akauliza, mimi nikainamia ndoo nikaisugua kama sikusikia, wifi yangu alikuwa ameniona kwa macho yake, akanitazama, akasema, "Labda ni mimi, baba watoto, asubuhi nilifagia hapo."

Siku arobaini hakumsemesha mkewe, na mtaa ukamaliza kazi, mkasema mwanamke huyu hataki mume ainuke, mkampunguzia hata nguo za kushona, wala sikuwasahihisha. Marehemu akaanza upya, lakini safari hii hakuacha kitu uani, aliingia stoo, chumba chenye dirisha la upana wa daftari, akafunga kwa kufuli asije mtu kumwagia tena, moshi wa zile dawa ukakosa pa kutokea, ukatokea kwake.

Alianza kukohoa Januari 2022, akalazwa mara tatu, madaktari wakatuambia mapafu yameungua na hayashonwi, akaendelea na kazi yake kati ya kulazwa na kulazwa, na tarehe 5 Februari 2023 aliniita kitandani, akanipa karatasi iliyokunjwa, ndani mna dhahabu isiyozidi punje ya mtama, akasema, "Dada, mpe mama watoto, mwambie yale maji nimemsamehe." Nikaitikia, hilo tu ndilo nililoweza, akafariki kesho yake saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao walimgeuza na kumwosha kama ndugu yao, tunawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, na kwa maneno yenu ya mwaka juzi nadhani kila mtu anayajua yake. Mafundi wenzake, asanteni kwa kuubeba ule mtungi wa hewa kila alipolazwa, na mnaoulizia daftari alimoandika vipimo vya dawa zake za kutolea dhahabu, nawasomea mstari wa mwisho tu, ameandika kwa mkono wake, kazi hii isifanyiwe ndani.

Wifi yangu, hii hapa punje yako, imetoka kwa mumeo, ipokee mbele ya watu hawa hawa, lakini ule msamaha sikuletei, si wako, hukukosa kitu, nimekaa nao tangu alipofariki na wangu pia si, maana aliutoa bila kujua aliyemwaga ni mimi, wa kwangu ni wewe wa kunipa au kuninyima, na ukininyima sitalalamika.

Nawe Masafa, pumzika kwa amani, chupa ile niliiosha mimi.