Mgonjwa ni Huyu, Mimi ni Mpishi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama aliyejulikana mtaani kwake kwa jina la Mama Karai. Alitutoka wiki iliyopita. Ameacha mume, fundi cherehani, na binti mmoja, msusi. Tena ameacha mtihani: tangu mazishi, fundi huyo alikataa kugusa chakula ambacho mkewe alimpikia ili aishi.

Mama Karai alikuwa mpishi. Mpishi wa kantini ya kiwanda cha chuma. Wafanyakazi wa pale wanashinda kwenye moto, jasho linawatiririka, na wanataka chakula kilichokolea chumvi. Basi yeye akaonja asubuhi, akaonja mchana. Ulimi wake ukazoea.

Siku moja mumewe alianguka juu ya cherehani, suruali ya mteja bado imebanwa na sindano. Presha. Daktari akamkataza chumvi, akampunguzia mafuta. Fundi akanuna.

"Kwa hiyo nile majani kama sungura?"

"Sungura gani umewahi kumwona wodini, mzee wangu?" mkewe akamjibu.

Akaingia jikoni. Akachukua kidari cha kuku kisicho na ngozi, akakikata vipande vyembamba. Akavilaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili manga na ndimu, ili viungo vishike nafasi ya chumvi. Karai likapata moto hasa, mafuta kijiko tu. Kuku akageuzwa upesi, akatolewa. Zikaingia karoti, hoho, mwisho kabichi. Kuku akarudishwa, na karai likaepuliwa mboga zingali zinalia mdomoni. Fundi alionja shingo upande, akamaliza kwa kuramba sahani. Presha yake ikatulia.

Na yeye mpishi je? Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni hapa. Alikula chakula hichohicho, ila sahani yake aliimwagia chumvi kutoka kikopo cha mfukoni mwa aproni.

"Mama, unakula au unakausha samaki?" binti alimtania. Wakacheka.

Kliniki, ndiye aliyempeleka mumewe. Alishika mfuko wa dawa, akakaa naye benchini. Muuguzi akamwambia, "Na wewe mama, lete mkono."

"Mgonjwa ni huyu. Mimi ni mpishi."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote. Kicheko hicho ndicho kinachomnyima usingizi sasa.

Maana mchana wa siku ile mkewe alipotutoka, fundi akiwa anashona nyumbani, alisikia harufu ya kabichi inayoungua. Mkewe hakuwa mtu wa kuunguza. Alimkuta sakafuni, mwiko mkononi. Hospitali walisema mshipa wa kichwani ulipasuka kwa presha. Presha ya siku nyingi, ambayo haikupimwa hata mara moja.

Waombolezaji walipoondoka, binti akapika. Viungo vilevile. Baba akaisukuma sahani.

"Chakula hiki kilinitunza mimi, kikamwacha yeye. Hakipiti, mwanangu."

"Baba, unataka nizike wawili?"

Baba alikuwa akiutazama mkono wa binti. Ulikuwa ukinyunyiza chumvi kwenye sahani yake mwenyewe, wala haangalii.

"Weka chini hiyo chumvi. Kesho twende kliniki."

"Tarehe yako bado, baba."

"Siendi kwa ajili yangu."

"Mimi? Mimi mzima!"

"Hata mama yako alikuwa mzima."

Walikwenda. Muuguzi alimpima binti mkono mmoja, akapima wa pili. Presha imepanda, alisema. Si sana, lakini imepanda, na afadhali mmewahi.

Jioni hiyo fundi aliingia jikoni mwenyewe. Kuku alimkata hovyo, hata binti akasema, "Baba, hivi ni viraka." Wakakaa mezani. Binti hakushika kijiko, alimsubiri yeye. Fundi akatia tonge la kwanza mdomoni, machozi yanamtoka. Akameza. Akala mpaka sahani ikaisha, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama.

Fundi, na wewe msusi, sisi sote hapa redioni tunawapa pole. Mungu ampumzishe Mama Karai mahali pema, awape nguvu ya kuketi mezani bila yeye.

Na wewe unayemsindikiza mgonjwa kliniki leo: ukiambiwa lete mkono, ulete.