Historia ya Philister Ayuma, Isomwayo Bila ya Spika

Mnanisikia huko nyuma? Kama hamnisikii, inukeni na viti vyenu msogee mbele, kwa maana spika hizi mbili mnazoziona zimezimwa na hazitawashwa, wala si kwamba stima imepotea, ni kwamba mdogo wangu Beryl ameketi pale penye kivuli cha jikoni, masikio yake hayauvumilii mlio wa spika, na huyu tunayemzika ni mama yake kabla ya kuwa dada, shangazi au jirani wa mtu yeyote aliyepo hapa. Mliokuwa mkiuliza tangu asubuhi, mazishi gani haya yasiyo na spika, jibu mmelipata. Nassir, mwenye mitambo, wewe ulizima bila ya kununa, shukran sana.

Mimi ni Damaris, kifungua mimba. Kamati ilinichagua nisome kwa sababu nina digrii, Statistics, second class upper, na kwa sababu kazi sina, kwa hiyo muda wa kuandika ninao mwingi. Waliniambia niandike ukurasa mmoja na niwe polite. Ukurasa nimeuheshimu.

Marehemu mama yetu, Philister Ayuma, alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 huko Chavakali, Vihiga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ambaka, akasoma shule ya msingi kijijini hapo hapo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1991, akaingia sekondari, na akaikatisha katika kidato cha pili mama yake alipougua, jambo lililomuuma maisha yake yote, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumwambia Philister kwamba shule si ya kila mtoto akaondoka salama.

Mwezi wa Februari 1999 alishuka Ukunda, akaajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja hapo Diani, akafua, akapiga pasi na kukunja mashuka ya wageni hadi mwaka jana nguvu zilipomwishia, na vile vitambaa vya mezani vilivyoshika madoa yasiyotoka, hoteli ilipovitupa, yeye alivileta nyumbani. Vitambaa hivyo mvikumbuke, nitavirudia.

Tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa kanisani, pale Ukunda, na baba yetu Elphas, mlinzi wa cottages za watalii, wakajaliwa watoto wawili, mimi mnamo tarehe 1 Agosti 2001, na Beryl tarehe 9 Juni 2012. Beryl alipofika miaka minne hajaita mama wala baba, wazee wa upande wa baba walikaa kikao wakamshauri aoe mwingine, apate watoto wazima, naye baba, ambaye mnajua hana maneno mengi, akawajibu kwamba anao wawili, wazima wote wawili, akavaa kofia yake akaenda zamu. Baba, simama wakuone. Asante, kaa.

Maneno tuliyasikia. Wengine walisema ni jini la baharini, wengine wakauliza Mama alikula nini akiwa na mimba, na wa kanisani walimzunguka mtoto wakakemea mapepo kwa sauti kubwa mpaka akajikojolea kwa hofu, halafu wakasema pepo limetoka. Pepo gani? Ni kelele zenu. Mwaka wa 2016 daktari mmoja huko Msambweni aliketi sakafuni na Beryl, akacheza naye kwa utulivu, kisha akamwambia Mama neno ambalo nyumbani kwetu halikuwa limewahi kutajwa, usonji, akaeleza kwamba hiyo si laana wala si malezi mabaya, mtoto ameumbwa kuisikia dunia kwa namna yake, na kazi ya wakubwa ni kujifunza namna hiyo. Mama akajifunza. Akajua kwamba lebo ya nguo shingoni humuunguza kama moto, kwamba akichorewa mapema kitakachotokea leo hatahangaika kikitokea, kwamba unamuuliza mara moja kisha unangoja, hata kama kungoja kunakuchosha, kwamba humvuti mkono. It is not rocket science, jamani. Jirani yetu Bi Mwanatumu, muuza viazi karai, hakuhudhuria seminar yoyote, akimwona tu Beryl anakuja hupunguza redio.

Lakini hapa pwani kosa lake kubwa lilikuwa moja, Beryl haamkii. Mtoto wa kike anapita mbele ya wazee, hatamki shikamoo, hawatazami machoni, basi ikawa hana adabu, mamake hakumfunza, hawa wa bara ndivyo walivyo. Ninyi mliosema hivyo, na nawaona, sikilizeni. Beryl huamkia kwa kukunja kitambaa, kimoja cha vile vya hoteli, anakukunjia kama feni au kama ua, anakiweka mbele yako, na anaondoka. Asubuhi ya leo amezunguka hema hili akaweka kimoja juu ya kila kiti cha safu za mbele, na baadhi yenu mmevipangusa vikaanguka mchangani, mkaketi. Okoteni. Hiyo ni shikamoo, na mkubwa mwenye adabu huitikia marahaba.

Sasa nasema kuhusu viti vyenyewe. Mwaka wa 2019, katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, kulijengwa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, likapakwa rangi, utepe ukakatwa, Beryl akaingia, na katika mwaka mmoja na miezi kadhaa akajifunza kusema neno bado, akajifunza kungoja zamu, akajifunza kwenda chooni peke yake. Mwalimu akahamishwa, mwingine hakuletwa, mlango ukafungwa, na Mama alipokwenda ofisini kuuliza aliambiwa, mama, huyo mlete akishatulia. Ni kama kumwambia mgonjwa aje hospitali akishapona. Leo darasa hilo ni stoo ya viti vya kukodisha. Viti mlivyokalia vimetoka humo.

Tangu hapo Beryl alikuwa hana pa kushinda ila ubavuni mwa Mama, hata kazini, kwenye meza ya kukunjia mashuka, na Mama alipoanza kutokwa na damu mwaka wa 2023 aliahirisha kliniki, akaahirisha tena, kwa kuwa mimi nilikuwa chuoni, baba yuko zamu, na foleni ya hospitali Beryl haiwezi. Ilipopatikana saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwishasambaa. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, na aliagiza azikwe hapa nyumbani Mwabungo, asipelekwe Vihiga, kwa sababu Beryl hangeweza safari ya basi ya mchana na usiku, naye hakutaka kuzikwa mahali ambapo binti yake hafiki. Wajomba zangu, najua mmeudhika, na najua mlitaka Beryl afungiwe kwa jirani mpaka tumalize. Hafungiwi. Nimemchorea kaburi, nimemchorea Mama, anajua. Na kile kikao chenu cha kesho cha kuamua apelekwe kwa nani, msijisumbue, Beryl anakaa hapa hapa, nami nakaa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, wenzake Mama wa chumba cha nguo waliokuja na sare zao, majirani Waislamu kwa Wakristo, na Bi Mwanatumu, aliyekaa na Beryl siku zote za wodini.

Mama, zamu yako umeimaliza, na za wengine pia umezifanya, pumzika kwa amani. Mwalimu Mkuu Abubakar wa shule hiyo ya ng'ambo, na wewe mwenyekiti wa bodi yake, na wewe afisa wa elimu uliyekuja na gari la serikali, ninyi bado hamjapumzika. Hema likikunjwa jioni hii, viti hivi visirudi darasani, vipelekeni mnakojua, ufunguo wa darasa apewe baba yangu hapa hapa mbele ya watu, na Jumatatu, tarehe 5 Januari, shule zikifunguliwa, Beryl akifika pale mlangoni, amkute mwalimu ndani.