Mama Scholastique Musoki, Aliyeitoa Kamati Uani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Scholastique Musoki anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya misaada ya jamii, hapa Bunia, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo tumepata wakuu tisa. Hakuna hata mmoja aliyejua njia ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa.

Alianza akiwa karani wa fomu. Wakati huo, kama sasa, asiyejiweza alipaswa kuja mwenyewe mbele ya kamati ili ithibitishwe kwamba hajiwezi. Aliyefika kwa miguu alikataliwa, kwa kuwa anatembea. Asiyefika alikataliwa, kwa kuwa hayupo. Kanuni hiyo tuliipitisha sote, watu wa diploma, kisha tukapiga makofi.

Mama Scholastique alikunywa chai bila sukari na kusahihisha ripoti zetu bila huruma. Zilistahili.

Mwaka 2019 aliletwa mzee Isidore, fundi cherehani aliyepooza upande mmoja. Aliomba msaidizi wa kumwogesha na kumlisha, maana Alliance, binti yake wa pekee, alikuwa karibu kujifungua. Mzee alifika kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto mchanga. Kamati ilimtazama kupitia dirisha, ikaandika: “Anasafiri kwa pikipiki. Hastahili.”

Mama Scholastique alichukua faili na muhuri, akaitoa kamati yote nje, uani. Akamwambia mwenyekiti, “Fungua ile kitenge, prezida. Kama muzee anaanguka, ni weye utamushika.”

Mwenyekiti alifungua. Mzee alimwangukia kifuani kwa uzito wake wote, akamwambia kwa upole, “Twende basi, prezida. Sasa siye wawili tunasafiri.”

Saini ilitiwa juu ya kiti cha pikipiki. Msaidizi alipatikana wiki ileile, na mzee aliishi miaka minne zaidi, akiwa safi na ameshiba. Mama Scholastique alipewa barua ya onyo kwa kuiaibisha kamati. Tangu hapo aliwafuata wagonjwa vitandani, siku zake za mapumziko, kwa nauli yake.

Kanuni bado haijabadilika. Mezani pake anaacha faili kumi na moja za watu wasioweza kuinuka, na sisi tumeandaa keki.

Asante, Mama Scholastique. Mungu akupe afya na uzee wenye amani. Ukirudi kututembelea ukakuta faili hizo hazijaguswa, usiitikie salamu zetu.